Sijaona, Aliyeketi na Wanaongoja Kisu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Ninyi wa Buyenzi na Bwiza, ninyi wa Kibenga kando ya ziwa, nanyi wa Buterere ambao mvua ya juma hili imewaingilia hadi ndani, sogezeni redio karibu. Leo tuna mtu wa kumkumbuka.

Tunamkumbuka Sijaona Huseni, muuguzi. Alifariki juma lililopita nyumbani kwake Buyenzi, na Ijumaa baada ya swala watu walimzika. Narudia kwa ajili ya aliyefungua redio sasa hivi: tunamkumbuka Sijaona Huseni, muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja ya mji huu wa Bujumbura. Kazi iliyomfanya akumbukwe ni kuketi. Aliketi kwenye benchi na watu waliokuwa wanangoja kupasuliwa, akazungumza nao. Ninajua kuna mtu hapo anasema, kuketi nako ni jambo la kutangazwa? Ndugu yangu, ngoja kidogo, utaona.

Sijaona alizaliwa Buyenzi, wakati mji huu ukiitwa bado Usumbura. Baba yake, mzee Huseni, alikuwa fundi wa baiskeli. Mzee alipomruhusu binti kwenda kusoma uuguzi kwa masista, majirani walimsema hadi wakachoka. Binti wa Kiislamu anatafuta nini kule? Mzee aliwajibu kwamba siku wakiugua ndipo watajua anatafuta nini. Kisha akaendelea kuziba tairi lake.

Mwaka wa uhuru, sitini na mbili, Sijaona alipata kazi hospitalini. Akapelekwa upande wa upasuaji. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo alipoikuta ile benchi.

Ilikuwa benchi ndefu ya mbao, kwenye ukumbi, mbele ya mlango uliopakwa rangi ya kijani. Siku za kupasua, wagonjwa wote wa siku hiyo waliketishwa pale tangu asubuhi, wamevalishwa yale mashati ya hospitali yaliyo wazi mgongoni. Ndugu zao walibaki nje ya uzio. Kwenye benchi hakuna aliyeruhusiwa kusema. Ilikuwa amri ya sista mkuu: kimya. Wa kwanza aliitwa, akaingia kwa miguu yake. Baada ya muda alitolewa kwenye machela, mdomo wazi, macho yamegeuka, ananuka dawa ya usingizi, na akapitishwa mbele ya pua za wale waliokuwa bado wanangoja. Hakuna aliyewaambia kwamba yule mtu amelala tu. Wewe ungefikiri nini? Ungefikiri amekufa, na wewe ndiye unayefuata.

Watu walikimbia. Sisemi kwa mfano, walikimbia kweli. Mama mmoja muuza ndizi, Mawazo, alitoka pale na shati la hospitali, akaruka uzio, akaenda kwa miguu mpaka Buterere, katikati ya mashamba ya mpunga, mkono mmoja ukishikilia shati nyuma. Mawazo bado yupo hai, na uvimbe wake wa shingoni ulikuja kutolewa baadaye. Tulipomtembelea alicheka mpaka akatoa machozi. Lakini siku ile, alisema, hakucheka. Siku ile alikuwa anakimbiza roho yake.

Sijaona naye, katika miaka ile ya mwanzo, alifuata amri kama wengine. Alipita na sinia lake, akawaambia wagonjwa wanyamaze.

Sasa niwaambie habari za Massoudi.

Massoudi alikuwa fundi wa magari katika gereji moja karibu na mtaa wa Asiatique. Kijana mcheshi, mtoto pekee wa Bi Fatouma, ambaye Buyenzi yote ilimwita Mama Massoudi. Kwa kuinua injini kila siku, alipata ngiri. Kupasua ngiri si jambo kubwa, madaktari wanalifanya wakizungumza habari zao. Wodi ilikuwa imejaa, kwa hiyo wagonjwa wa mjini walilala kwao na kuja asubuhi. Siku moja kabla, Sijaona mwenyewe alimweleza Massoudi mbele ya mama yake kwamba kesho asubuhi asile kitu, asinywe kitu. Mama aliitikia kwa kichwa. Ameelewa.

Kesho yake Massoudi aliketi kwenye benchi. Sijaona akamuuliza kama walivyoulizwa wote: umekula asubuhi hii? Massoudi akajibu, "Apana, dada." Akaitwa, akaingia. Télesphore, yule muuguzi aliyekuwa akiwalaza wagonjwa, akamwekea maski ya dawa usoni. Massoudi alipolala tu, tumbo lilirudisha. Chakula kilipanda, kikaingia kwenye mapafu. Daktari Adrien, mpasuaji pekee wa hospitali wakati ule, alifanya yote aliyoyajua. Massoudi hakuamka. Na Sijaona, aliyekuwa amesimama hapo, aliona kwa macho yake kwamba kilichomkaba kijana kilikuwa wali.

Alitumwa yeye kwenda kwenye uzio kumwambia mama. Bi Fatouma alisikiliza. Alisema maneno ambayo Sijaona aliyabeba miaka yote.

"Lakini alikula muzuri. Nilimuamusha mbele ya azana, nikamupa daku, wali na ndagala. Mutu atashinda na njaa aje bila daku?"

Kwa ninyi ambao si Waislamu: daku ni chakula cha kabla ya alfajiri, kinacholiwa mwezi wa Ramadhani. Anayefunga huamka kukiwa bado giza, anakula ashibe, kisha jua likichomoza hagusi kitu mpaka magharibi. Bi Fatouma aliambiwa mwanawe asile asubuhi. Yeye aliijua kazi hiyo ya kushinda bila kula tangu utotoni. Akafanya kama mama yeyote wa Buyenzi angefanya, akamlisha mtoto kabla ya kukucha ili awe na nguvu ya kuvumilia. Na Massoudi hakusema uongo. Asubuhi hakula. Alikuwa amekula kabla ya asubuhi kufika.

Masista hawakujua daku. Daktari Adrien hakujua daku. Lakini Sijaona alijua. Sijaona alikula daku kila Ramadhani ya maisha yake. Mumewe, Bwana Mohamadi, mwenye duka la vitambaa, alituambia kwamba siku ile alimkuta ameketi jikoni, jiko halijawashwa, viatu vya kazini bado miguuni. Akamuuliza kuna nini.

"Aliniambia: Mohamadi, kule ndani mi njo mutoto wa Buyenzi. Mi njo nilipashwa kujua," alisema Bwana Mohamadi. "Mi nikamwambia ni kazi ya Mungu. Akaniangalia tu. Sikurudilia ile neno tena."

Siku ya kupasua iliyofuata, Sijaona aliweka sinia chini na kuketi kwenye benchi, katikati ya wagonjwa. Sista mkuu alipita akamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Sista akamwambia muuguzi haketi na wagonjwa, atazoeleka. Sijaona akasema, kwa adabu yake yote, kwamba ndicho anachotaka. Maneno yalifika kwa Daktari Adrien. Yeye alikuwa mtu wa haraka, si mtu mbaya. Akasema aachwe, mradi kazi isichelewe.

Na Sijaona hakuuliza tena "umekula?" Swali hilo lilikuwa limemuua mtu. Aliuliza kama jirani anavyouliza. Mulilala aje? Nani aliamuka wa kwanza ku nyumba? Kisha mukafanya nini? Akaacha mtu asimulie asubuhi yake, na chakula kikajitokeza chenyewe katikati ya hadithi. Huyu alikuwa amenyonya muwa, kwa sababu muwa kwake ni maji tu. Yule alikunywa kombe, maji yaliyooshea maandishi ya aya, aliloandikiwa na shehe, kikombe kizima. Mwingine, Mkristo kutoka Uvira, alimeza uji kidogo ili mama mkwe asinune. Hakuna hata mmoja aliyeona kwamba amekula. Sijaona aliwarudisha nyumbani, au akachelewesha zamu zao, na wakaishi.

Akafanya na mengine. Aliomba benchi igeuzwe, wanaongoja wasiwaone wanaotolewa. Alileta maski kavu, akawapa waishike, wainuse, waijaribu usoni wakiwa macho. Aliomba ndugu mmoja wa kila mgonjwa aruhusiwe kuvuka uzio na kuketi naye mpaka jina liitwe, kwa sababu ndugu ndiye aliyejua kilichopikwa. Hili la ndugu sista alilikataa, kisha akalikubali nusu, kisha akalikataa tena.

Msifikiri mambo yalinyooka. Mji huu una masikio. Haikupita muda watu wakajua kwamba ukisema umekula, hupasuliwi siku hiyo. Basi waoga wakapata mlango wa kutokea. Mawazo wetu wa Buterere aliporudi mara ya pili, alipoulizwa habari za asubuhi, alisema amekula muhogo, kisha ndizi, kisha samaki mzima, na tumbo lake likawa linalia kwa njaa mpaka benchi nzima inasikia. Kwake ilikuwa kichekesho. Kwa Daktari Adrien haikuwa. Meza ilibaki tupu, na wagonjwa wengine walikuwa wanazidiwa wodini wakingoja nafasi. Akamwita Sijaona akamwambia wazi: benchi yako sasa inanifukuzia wagonjwa. Mmoja tena akirudishwa bure, tunarudi kwenye kimya. Sista mkuu alikuwepo, na hakusikitika.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, wasikilizaji wapendwa, mwaka wa sitini na nane, siku Bi Fatouma alipoletwa.

Aliletwa kwa mkokoteni. Aliyeusukuma ni jirani yake wa ua mmoja, Nsimire, mkimbizi wa Bukavu, muuza nyanya, mama mwenye mikono ya kazi. Bi Fatouma alikuwa amejikunja, homa kali, ameshika tumbo upande wa kulia. Daktari Adrien alimgusa mara moja tu. Kidole tumbo, na kimevimba vibaya. Kikipasuka ndani, sumu ingesambaa tumboni, na hapo hakuna ambaye angeweza kuahidi kitu. Akasema huyu anaingia sasa, mbele ya wote. Wakamvalisha shati, wakamketisha kwenye benchi wakati chumba kinaandaliwa.

Sijaona alikuwa ndani akipanga vyombo. Alipotoka na kumwona ni nani, alisimama palepale. Hawakuwa wamezungumza tangu siku ile ya uzio. Walipokutana sokoni, mmoja alibadili njia.

Bi Fatouma aliinua macho, akautazama mlango wa kijani, akamtazama Sijaona. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote.

"Nilikula daku."

Haikuwa Ramadhani. Télesphore, aliyekuwa mlangoni na chupa ya dawa mkononi, alirudi nyuma kama aliyesukumwa. Kwa sababu Télesphore ndiye aliyemwekea Massoudi maski, na yeye pia hakusahau.

Muelewe jinsi mambo yalivyofungamana. Kama Bi Fatouma alikuwa amekula kweli, basi kumlaza kwa dawa ilikuwa kumuua kama mwanawe. Kama hakula, na anasema hivyo kwa hofu, basi kumngojesha mpaka jioni ilikuwa kumuua kwa njia nyingine, kwa sababu kidole tumbo hakingoji mtu. Daktari alijua mpira wa kutoa vilivyo tumboni, lakini mpira hutoa maji, hautoi wali wote. Wakamuuliza Nsimire. Nsimire alikuwa karibu kulia. Alimkuta jirani yake amelala mkekani, hakumwona akila, hakumwona asile. Asingeweza kuapa.

Daktari Adrien alimvuta Sijaona pembeni. Akamwambia anaenda kunawa mikono. Wapasuaji hunawa kwa muda mrefu, mpaka viwiko. Akasema: nikifunga bomba, nataka jibu kutoka kwako. Ukiniambia hajala, ninapasua. Na ukiwa umekosea, unajua.

Alijua. Maji yakaanza kumwagika nyuma ya ukuta.

Haya ninayowaambia sasa, wasikilizaji wapendwa, hayakujulikana na mtu isipokuwa wao wawili. Bi Fatouma mwenyewe ndiye aliyetusimulia juzi, na akatupa ruhusa tuyaseme.

Sijaona aliketi kando yake. Akaanza kama alivyozoea, akamuuliza asubuhi hii nani aliamka wa kwanza nyumbani.

"Hakuna mutu wa kuamusha tena," alisema Bi Fatouma.

Maji yalikuwa yanamwagika. Sijaona angeweza kumbishia. Alijua vizuri kwamba mwenye kidole tumbo hawezi hata kunusa chakula. Lakini kujua hivyo ni kubahatisha, na hapo hapakuwa mahali pa kubahatisha. Angeweza kumkaripia, au kumlilia, au kumtisha kwamba atakufa. Bi Fatouma alikuwa ameshaamua kufa popote isipokuwa nyuma ya mlango ule. Sijaona aliona hivyo. Akaona pia kwamba hana haki ya kumwomba mama huyu ukweli, wakati yeye mwenyewe alikuwa ameuficha wake.

"Mama Massoudi, kuna kitu sikukuambiaka. Massoudi aliniuliza swali hapa, mbele ya kuingia."

Bi Fatouma aligeuka. Kwa mara ya kwanza alimtazama machoni.

"Aliniuliza kama itauma. Na kama mama yake anaweza kuingia kidogo, amushike mukono."

"Na we ulimujibu nini?"

Sijaona alisema. Hakulipunguza neno, hakulipamba.

"Nilimuambia anyamaze. Nilisema: nyamaza, zamu yako inakuja. Njo maneno ya mwisho alisikia ku dunia."

Bi Fatouma alituambia kwamba alitaka kumpiga. Mkono uliinuka kabisa. Kisha maumivu yakamkata tumboni, mkono ukashuka, na uliposhuka ukaangukia kwenye goti la Sijaona, ukabaki hapo. Na hapo, alisema, kitu kilichokuwa kimemkaa kifuani kikalegea. Kwa sababu miaka yote aliamini kwamba katika dunia hii ni mtu mmoja tu aliyemuua Massoudi, na mtu huyo ni mama yake, kwa sahani ya wali. Alipika, akaketi, akamtazama mtoto akila, akafurahi kwamba anakula. Hakuwahi kumwambia mtu. Nani angemwambia?

"Mi nilisema nilimuua na mukono yangu," alisema.

"Tuko wawili, mama," alisema Sijaona.

Maji yalisimama. Daktari alikuwa amefunga bomba.

Bi Fatouma aliongea haraka sasa, kwa kuwa naye alisikia. Hakula kitu. Tangu jana hakula, hata maji yalimrudi. Alisema daku kwa sababu alijua katika hospitali ile hilo ndilo neno la kumfungia mlango ule.

"Sasa nijibu mi," akasema. "Itauma?"

Na Sijaona akamjibu. Akamwambia kila kitu, polepole, kama hakuna anayewangoja. Kwamba ndani kuna taa kubwa, asiitazame. Kwamba Télesphore ataweka maski, na harufu ni kali, na kwa kitambo kidogo atahisi kama anakabwa, asipigane nayo, avute pumzi tu. Kwamba akilala hatasikia kisu. Kwamba akiamka tumbo litauma, na hayo ndiyo maumivu ya kupona. Na kwamba yeye atamshika mkono tangu mlangoni mpaka atakapoamka, na hatauachia hata sista akisema nini.

Daktari Adrien alikuwa amesimama, mikono juu, maji yakidondoka viwikoni. Akauliza kwa macho. Sijaona akasema hajala. Télesphore akauliza ana hakika gani. Sijaona alimjibu kwamba ana hakika ya alichoambiwa, basi. Daktari aliwatazama wale wanawake wawili, na mkono mmoja juu ya mwingine. Akasema waingie.

Ndani, Télesphore aliweka maski huku midomo yake ikitembea. Yeye ni Mkatoliki, alikuwa anasali. Bi Fatouma alivuta pumzi, akavuta tena, vidole vyake vikalegea katika mkono wa Sijaona. Kisha akakohoa.

Kila kitu kilisimama. Kisu kilikuwa tayari hewani. Télesphore aling'oa maski, akamgeuza kichwa upande. Bi Fatouma akakohoa tena, koo likapanda na kushuka, likapanda na kushuka. Télesphore alituambia kwamba Sijaona hakusogea. Alikuwa amefumba macho na uso wake ulikuwa umekuwa kama majivu. Wakangoja kitakachotoka.

Yalikuwa mate. Mate tu. Télesphore aliyafuta kwa kitambaa, akasikiliza kifua, akasema kifua ni kisafi. Akarudisha maski. Daktari Adrien akapasua. Kidole tumbo kilikuwa kimebakiza kidogo tu kitoboke.

Bi Fatouma aliamka alasiri, na mkono wake bado umeshikwa.

Baada ya hapo hakuna aliyesema habari za kurudi kwenye kimya. Daktari mwenyewe alimwambia sista kwamba ndugu mmoja avuke uzio na kila mgonjwa, na sista akaagiza benchi ya pili. Wauguzi wapya waliofika, Sijaona aliwafundisha sindano, aliwafundisha vidonda, lakini jambo la kwanza kabisa aliwafundisha kuketi. Alikuwa mpole katika yote, ila muuguzi akimwambia mgonjwa anyamaze, hapo alibadilika kabisa, na kuna wengine wazima leo, mama na baba wa watu, ambao bado wanamwogopa kwa hilo.

Na siku za kupasua, wale wagonjwa waliokuja peke yao, wakimbizi wasio na ndugu mjini, walimkuta mama mmoja wa Buyenzi ameketi pale akiwangoja, na ushungi wake na tasbihi yake. Bi Fatouma alifanya hivyo miaka mingi. Hakuna aliyemwajiri. Nsimire naye alijiunga alipopata nafasi ya kuacha nyanya zake.

Sijaona alifanya kazi hiyo mpaka moyo ulipoanza kumsumbua, mwaka juzi. Sasa tuko mwaka wa sabini na nane. Alilala nyumbani miezi ya mwisho, na Bwana Mohamadi alituambia kwamba nyumba haikuwahi kuwa na wageni wengi namna ile. Watu walikuja, wakafungua shati, wakamwonyesha kovu, wakasema: mama, unanikumbuka? Wengi hakuwakumbuka. Aliwaambia anawakumbuka.

Tulimwomba Bi Fatouma neno moja la kusema hewani. Akasema hivi:

"Mutoto wangu aliuliza, hakujibiwa. Wote walikuja nyuma yake, Sijaona aliwajibu. Mi nilimusamehe zamani, palepale ku benchi. Yeye kama alijisamehe, mi sijui. Sikumuuliza."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Bwana Mohamadi na watoto wake. Pole kwa ukoo wote wa mzee Huseni. Pole kwa Télesphore na wauguzi wote wa upasuaji, ambao wanajua wamempoteza nani. Na pole kwako wewe, Mama Massoudi, uliyezika wawili. Mwenyezi Mungu amrehemu Sijaona Huseni, amlaze mahali pema.

Nanyi mnaonisikiliza, fikirini jambo moja usiku wa leo. Kesho asubuhi, katika mji huu, kuna mtu ataketi mbele ya mlango akingoja kisu. Huenda ni mtu wako. Huenda wewe ndiwe uliyevaa koti jeupe na una haraka. Akikuuliza kama itauma, usimwambie anyamaze. Mjibu.